Siku Nzima Hamburg kwa Miguu: Kutoka Alster hadi Mchanga wa Elbe

Hamburg ni mji wa bandari usio na bahari. Bahari ya Kaskazini iko kama kilomita mia moja kutoka hapa, lakini mto Elbe ni mpana na una kina cha kutosha meli za makontena kupanda nao hadi mjini, na maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wageni wengi huuona mji huu kupitia dirisha la treni wakielekea Copenhagen au Berlin. Wenye saa chache hupanda basi la watalii la ghorofa, wakapiga picha, wakaondoka. Mwongozo huu ni wa mtu aliye tayari kuupa siku nzima na miguu yake. Kutembea kwenyewe ni kama kilomita tisa, sehemu kubwa ikiwa kando ya maji, na katikati kuna mahali pengi pa kukaa.

Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili, Hamburg ina sababu ya ziada. Kampuni ya O'Swald ya mji huu ilifungua tawi Unguja mwaka 1849, ikinunua kauri za pwani yetu na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Mwaka 1859 Hamburg, Bremen na Lübeck zilitia saini mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar. Ujerumani kama dola moja haikuwepo hadi 1871. Yaani wafanyabiashara wa Hamburg waliijua Forodhani kabla Ujerumani haijazaliwa. Kwa hiyo nashauri utembee na swali moja, ulirudie mbele ya kila jengo kubwa: kuta hizi zililipiwa na mzigo gani? Njia ninayoieleza nimeipanga kufuata swali hilo.

Kabla ya kutoka

Chagua siku kati ya Mei na Septemba kama una uhuru wa kuchagua. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo hakuna kukimbizana na giza. Desemba giza huingia saa kumi jioni. Ukija wakati huo, anza mapema na uiache sehemu ya ufukweni. Saa ninazotaja humu ni za Kiswahili. Ratiba za Wajerumani hutumia saa 24: saa tatu asubuhi utaikuta imeandikwa 9.00, na saa moja jioni ni 19.00.

Mvua hapa haina msimu. Mara nyingi ni manyunyu yanayopeperushwa na upepo, na mwavuli bandarini hugeuka nje ndani. Chukua koti la mvua lenye kofia, na nguo za kuvaa tabaka juu ya tabaka uweze kupunguza jua likitoka. Viatu viwe ulivyokwisha kuvizoea. Kuna mawe ya kale barabarani, kuna ngazi za chuma, na mwishoni kuna mchanga.

Nunua tiketi ya siku nzima ya hvv, mtandao wa usafiri wa mji, ya kanda A na B. Inaitwa Tageskarte, utaipata kwenye mashine za stesheni au kwenye programu yao ya simu. Itakufaa kwa treni, basi na hata feri ya mtoni. Wenye Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma wa Ujerumani nzima, hawahitaji kununua kitu kingine. Stesheni hazina mageti, na hilo huwadanganya wageni. Wakaguzi huingia wakiwa na nguo za kawaida, na ukikutwa huna tiketi ni faini ya euro 60. Kusema hukujua hakusaidii.

Beba chupa yako, maji ya bomba ni safi ya kunywa. Ukinunua soda au maji ya chupa ya plastiki utatozwa senti 25 za amana. Rudisha chupa kwenye mashine ya duka la vyakula urudishiwe. Weka sarafu mfukoni kwa ajili ya vyoo vya kulipia. Kumbuka Jumapili maduka hufungwa, na Jumatatu makumbusho mengi hayafunguliwi.

Jambo la mwisho, na usilipuuze: angalia ratiba ya kujaa na kupwa kwa maji. Tafuta mtandaoni maneno Tidekalender Hamburg St. Pauli. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa huzidi mita tatu na nusu, na mifereji ya maghala hubadilika kabisa. Maji yakiwa yamepwa utaona tope na nguzo tupu. Yakijaa, majengo huonekana yameota majini. Kama maji yanajaa asubuhi, fika kwenye maghala kabla ya saa sita. Kama yanajaa alasiri, geuza mpango: anza na feri, umalizie na maghala.

Hatua ya kwanza: Rathaus na Alster, kuanzia saa tatu asubuhi

Kutoka stesheni kuu, Hauptbahnhof, fuata barabara ya Mönckebergstraße moja kwa moja. Ni dakika kumi na tano za mwendo wa taratibu. Kabla hujafika mbali, ingia kwenye duka la mikate ununue Franzbrötchen, mkate wa kifungua kinywa wa Hamburg. Ni unga uliokunjwa kwa siagi, sukari na mdalasini, ukaminywa katikati hadi tabaka zikafunguka pembeni. Chagua uliokoza rangi. Upande wa chini sukari huwa imeungua kidogo ikawa kama utomvu, na hapo ndipo utamu ulipo.

Wanaotafuta nyama ya halali au mahali pa kuswali wajue kwamba mtaa wa St. Georg uko nyuma tu ya stesheni, upande wa mashariki. Barabara ya Steindamm ina migahawa mingi ya Waturuki, Waarabu na Waafghani, na msikiti wa Centrum, wenye minara miwili iliyochorwa kijani na nyeupe, uko Böckmannstraße, mwendo mfupi kutoka hapo.

Rathaus, makao ya serikali ya mji, lilikamilika 1897. Lina vyumba 647 na mnara wa mita 112. Watu hupiga picha uwanjani mbele na kuondoka. Wewe ingia. Ukumbi wa chini ni wazi kwa umma, na ukiupita unatokea ua wa ndani wenye chemchemi ya Hygieia, mungu wa afya wa Wagiriki, amesimama juu ya joka. Joka hilo ni kipindupindu. Mwaka 1892 ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 8,000 mjini hapa katika muda mfupi. Hamburg ilikuwa ikiwapa watu maji ya Elbe bila kuyachuja, ilhali mji jirani wa Altona, uliokuwa ukichuja yake kwa mchanga, ulipata vifo vichache mno. Mpaka kati ya miji hiyo miwili ulikuwa barabara tu. Wakubwa walichelewa kutangaza ugonjwa kwa kuogopa meli zisitue. Kaa kidogo hapo penye baridi ya maji. Historia yote ya mji huu, faida yake na gharama yake, imo uani humo.

Ukitoka, vuka kwenda Alsterarkaden, safu ya matao meupe kando ya mfereji, iliyojengwa baada ya moto mkubwa wa Mei 1842 ulioteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji. Mabata maji weupe wakubwa huogelea chini yake. Mji una mtumishi maalumu wa kuwatunza, na kila majira ya baridi hukusanywa kwa mashua na kupelekwa kwenye bwawa lisiloganda. Endelea hadi Jungfernstieg uketi kwenye ngazi zinazoshuka majini. Ziwa la Alster lilitokana na mto uliozibwa zama za kati ili kuendesha kinu cha nafaka. Nusu saa hapa inatosha.

Hatua ya pili: nyumba za wafanyabiashara

Rudi, zunguka Rathaus kwa nyuma, pita soko la hisa, ushuke hadi daraja dogo la Trostbrücke. Mbele yako ni mnara mweusi wa kanisa la St. Nikolai. Kati ya 1874 na 1876 huu ndio uliokuwa mrefu kuliko jengo lolote duniani, mita 147. Julai 1943 marubani wa Uingereza waliutumia kama alama ya kulenga, na moto wa mabomu siku hizo uliua watu zaidi ya 30,000 katika mji. Kanisa halikujengwa tena. Mnara na vipande vya kuta vimeachwa vilivyo kuwa kumbukumbu. Usipite ukiongea na simu.

Kutoka hapo ingia Große Reichenstraße, utafute namba 27. Hii ndiyo Afrikahaus, na ndiyo sababu hasa ya kukuleta mtaa huu ambao vitabu vingi vya watalii huuruka. Ilijengwa 1899 na kampuni ya Woermann, iliyotajirika kwa biashara ya Afrika Magharibi na kwa meli. Uso wa jengo ni matofali ya kung'aa ya rangi nyeupe, kijani na buluu, rangi za kampuni. Mlangoni amesimama askari wa Kiafrika wa shaba, mkuki mkononi, ukubwa wa mtu wa kweli. Siku za kazi lango likiwa wazi, tembea kimya hadi uani. Mwisho wa ua kuna tembo wawili wa chuma, mmoja kila upande wa mlango, vichwa na pembe vikitokeza ukutani.

Hebu msogelee yule askari. Aliyemchonga alimfanyia uso wa makini na mwili wa kishujaa, lakini hakuna jina, hakuna kabila, hakuna nchi. Ni mlinzi wa mlango wa watu waliouza mali ya kwao. Meli za Woermann zilibeba wanajeshi wa Kijerumani kwenda Namibia mwaka 1904, kwenye vita vilivyowaangamiza Waherero na Wanama. Kwa upande wetu, kampuni iliyoiunganisha Hamburg na Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar ilikuwa Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyoanzishwa hapa hapa Hamburg mwaka 1890 kwa ruzuku ya serikali. Mwaka mmoja baadaye Dar es Salaam ikafanywa makao makuu ya koloni. Tangu 2010 Dar na Hamburg ni miji dada, jambo jema. Lakini mimi naona kila Mtanzania anayekuja kwa ziara ya udugu huo angepitishwa kwanza kwenye mlango huu.

Dakika kumi mashariki iko Chilehaus, jengo la ofisi la msanifu Fritz Höger lililokamilika 1924, lenye matofali ya kuchoma karibu milioni tano. Lizunguke hadi kona ya mashariki kabisa, usimame upande wa pili wa barabara. Kuta mbili zinakutana kwa ncha kali, na jengo linakujia kama gubeti la meli. Swali letu hapa lina jibu katika jina lenyewe: mwenye jengo alipata mali kwa shura ya Chile, chumvi ya ardhini iliyotengenezea mbolea na baruti.

Hatua ya tatu: Speicherstadt, na hapa usiharakishe

Karibu na stesheni ya Meßberg kuna daraja la waenda kwa miguu, Wandrahmsteg. Ukilivuka umeingia Speicherstadt, mji wa maghala. Ulianza kujengwa 1883, na ili kupata nafasi wakazi takriban 20,000 walihamishwa na mitaa yao kubomolewa. Mwaka 1888 Hamburg ilijiunga na eneo la forodha la Ujerumani, na wafanyabiashara wake wakaruhusiwa kubaki na kipande kimoja kisichotozwa ushuru. Kipande hicho ndicho hiki. Kahawa, chai, kakao, viungo, mazulia na pembe vilikaa hapa bila kodi vikisubiri bei ipande. Tangu 2015 eneo hili pamoja na Chilehaus ni urithi wa dunia wa UNESCO.

Nenda kwanza kwenye daraja la Poggenmühlenbrücke. Kutoka katikati yake utaona jumba dogo lenye kinara, Wasserschloss, limesimama pale mifereji miwili inapogawanyika, maghala yakiwa kama kuta pande zote mbili. Ni picha ambayo kila mtu anaipiga, na inastahili. Mwanga ni mzuri asubuhi maji yakiwa yamejaa, na usiku taa zikiwashwa.

Baada ya picha, weka simu mfukoni utazame juu. Kila ghala lina nyuso mbili, moja barabarani na moja majini. Kileleni mwa kila safu ya milango, chini ya kijipaa cha shaba kilichogeuka kijani, kuna kapi. Tishari lilikuja na maji yaliyojaa, likafungwa ukutani, magunia yakavutwa kwa kapi hadi ghorofa ya tatu au ya tano, na vibarua waliosimama mlangoni wakayavuta ndani. Milango hiyo bado ipo, mmoja juu ya mwingine, haina kibaraza wala kizuizi. Ukiweza, simama chini ya mmoja uone urefu aliofanyia kazi mtu kwa ujira wa siku. Majengo yote yamesimama juu ya maelfu ya nguzo za miti zilizopigiliwa kwenye tope.

Fuata Holländischer Brook kuelekea magharibi, kisha upinde kulia hadi daraja la Kornhausbrücke. Upande wa mjini kuna sanamu mbili za mawe zilizosimikwa 1903: Christopher Columbus na Vasco da Gama. Huyu wa pili tunamjua. Aprili 1498 alitia nanga Malindi baada ya kukaribishwa vibaya Mombasa, na ni rubani aliyempata Malindi aliyemvusha hadi Calicut. Nguzo yake bado iko Malindi. Mreno huyu hakuwahi kuwa na lolote na Hamburg, lakini walioweka sanamu walijua walichokuwa wakifanya: njia aliyoifungua ndiyo iliyoyajaza maghala yaliyo nyuma yake.

Kwenye barabara ya Am Sandtorkai kuna makumbusho mawili madogo ninayoyapenda kuliko yale makubwa. Spicy's ni ya viungo, na pua itakuambia umefika kabla ya macho; sugua karafuu kati ya vidole unuse. Speicherstadtmuseum lina magunia, mizani na vijiti vya kuonjea mzigo, vile vyuma vyenye ncha vya kuchoma gunia na kutoa kahawa kidogo bila kulifungua. Chagua moja, saa moja inatosha. Miniatur Wunderland, ile reli ya wanasesere maarufu, iko jirani, ila inataka nusu siku na tiketi ya mapema. Kama una watoto, ipangie siku yake. Badala yake kaa kwenye kiwanda cha kukaanga kahawa kilicho barabara ya Kehrwieder, uulize kama wana buni za Kenya au Tanzania siku hiyo. Kuinywa kahawa ndani ya ghala ilimokuwa ikihifadhiwa kuna ladha yake.

Hatua ya nne: Elbphilharmonie

Utaiona kabla hujaifika: kioo chenye mawimbi kimekaa juu ya ghala la matofali. Chini ni Kaispeicher A ya miaka ya 1960, ghala la kakao, chai na tumbaku. Juu ni ukumbi wa muziki uliobuniwa na Herzog & de Meuron na kufunguliwa Januari 2017 baada ya ucheleweshaji mrefu na gharama ya zaidi ya euro milioni 800. Wakazi walilalamika sana kuhusu fedha hizo, na walikuwa na haki. Lakini sasa wamelikubali jengo lao.

Huhitaji tamasha ili kupanda. Chukua tiketi ya Plaza, kibaraza cha juu kilicho wazi kwa umma, kwenye kaunta ya chini. Kuiweka mapema mtandaoni kuna ada ndogo, na wikiendi inafaa kulipa ili usipange foleni. Ngazi ya umeme ya mita 82 iliyopinda itakupandisha taratibu ndani ya bomba jeupe hadi kibarazani, mita 37 juu ya maji. Kizunguke chote. Magharibi utaona njia ya meli na kreni za bandari, yaani mahali utakapofika jioni.

Hatua ya tano: gati zinazoelea na handaki la mto

Kutoka hapo rudi hadi stesheni ya Baumwall ufuate ukuta wa mafuriko kuelekea magharibi. Ni njia pana ya juu iliyobuniwa na Zaha Hadid, yenye ngazi za kukalia pande zote mbili. Februari 1962 dhoruba ilivunja kingo na watu 315 walikufa Hamburg. Ukuta huu ni sehemu ya kinga iliyofuata. Chini yako utazipita Cap San Diego, meli ya mizigo ya 1961, na Rickmer Rickmers, merikebu ya matanga ya 1896. Zote mbili ni makumbusho. Ukiwa na nguvu ya kuingia moja, ingia Cap San Diego, ushuke mpaka chumba cha injini.

Landungsbrücken ni safu ndefu ya gati zinazoelea. Madaraja ya kushukia huwa karibu sawa maji yakijaa, na mteremko mkali yakipwa. Hapa ndipo pa kula. Agiza Fischbrötchen, mkate mgumu wa nje wenye samaki ndani, kwa kawaida euro nne hadi nane. Matjes ni heringi wa chumvi, mlaini, na vitunguu. Bismarck ni wa siki. Krabben ni uduvi wa Bahari ya Kaskazini. Backfisch ni samaki wa kukaanga, lakini wasiokunywa pombe waulize kwanza, maana unga wake wakati mwingine hukorogwa kwa bia. Kwa anayekula mara ya kwanza, mimi nampa Matjes. Ule umeipa maji mgongo na mkate ukiushika kwa mikono miwili, kwa sababu shakwe wa hapa hunyakua.

Jengo lenye kuba la shaba mwishoni mwa gati ni mlango wa handaki la zamani la Elbe, Alter Elbtunnel, lililofunguliwa 1911 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya meli vya ng'ambo. Ni bure, usiku na mchana. Kuna lifti, ila ushuke kwa ngazi zinazozunguka kuba ili uione mashine kubwa za kuteremshia magari. Chini, mita 24, kuna njia ya mita 426 yenye vigae vyeupe. Ukutani, kila hatua chache, kuna kigae cha kuchongwa: samaki, kaa, panya, hata buti kuukuu. Ni vitu vilivyokuwa mtoni juu ya kichwa chako. Vuka hadi Steinwerder, panda, ugeuke. Mji wote utakuwa mbele yako, minara yake yote kwenye mstari mmoja.

Hatua ya sita: feri 62 na ufukwe wa Övelgönne

Rudi kwa handaki, ukapande feri namba 62 inayokwenda Finkenwerder. Kuna mashua nyingi zinazokuita kwa bei ya utalii, na si mbaya, lakini 62 imo kwenye tiketi yako ya siku. Ni usafiri wa wananchi, kama kivuko cha Likoni au Kigamboni: kuna wanaotoka kazini, kuna baiskeli, kuna wanafunzi. Huja takriban kila robo saa mchana. Panda sitaha ya juu upande wa kulia ili uone Fischmarkt, soko la samaki lililoanza 1703. Soko lenyewe ni Jumapili alfajiri tu. Ukiwa Hamburg siku hiyo, amka.

Shuka Neumühlen/Övelgönne. Kwanza kuna bandari ndogo ya mashua za zamani, halafu njia nyembamba kati ya bustani na nyumba ndogo za manahodha na marubani wa mto, halafu mchanga. Vua viatu utembee. Mbele utalikuta jiwe kubwa mno, tani 217, lililopatikana 1999 mto ulipokuwa ukiongezwa kina. Barafu ya kale ndiyo iliyolileta kutoka Sweden. Ng'ambo, kreni za makontena hufanya kazi bila kupumzika, na meli za urefu wa mita mia nne hupita karibu kiasi cha kusoma majina ya bandari zake.

Usiogelee. Mkondo una nguvu, na meli kubwa ikipita maji hunyonywa kwanza kutoka ufukweni, kisha hurudi kwa wimbi la ghafla. Watoto wakae mbali na ukingo, na mkeka wako utandikwe juu ya mstari wa mchanga mkavu. Zaidi ya hayo hakuna cha kufanya hapa, ndiyo maana nimepaweka mwisho: kaa hadi jua lizame.

Kurudi, feri hiyo hiyo au basi 112 kutoka kituo cha Neumühlen hadi Altona. Ukitaka mazoezi, panda ngazi zaidi ya mia za Himmelsleiter hadi barabara ya Elbchaussee.

Ukibakiwa na nusu siku

Karibu na stesheni ya Dammtor kuna jengo kuu la Chuo Kikuu cha Hamburg, mrithi wa taasisi ya kikoloni ya 1908 iliyofundisha Kiswahili kwa maofisa na wafanyabiashara. Kiswahili kimekuwa kikifundishwa Hamburg tangu wakati huo. Mbele ya jengo hilo, tangu 1922, ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, iliyoondolewa Dar es Salaam. Mahali ilipokuwa Dar leo ndipo ilipo Sanamu ya Askari. Huku Hamburg wanafunzi waliiangusha 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Haikurudi.

Pia kuna kaburi la Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyeondoka Unguja 1866 na kuja kuishi hapa na mumewe Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, akiitwa Emily. Mume alifariki 1870 kwa ajali ya tramu, naye akabaki ugenini na watoto wadogo watatu. Mwaka 2019 uwanja mmoja ulipewa jina lake, kisha likaondolewa kwa sababu kumbukumbu zake za 1886 zinautetea utumwa. Mambo yote mawili ni kweli juu yake, na ni vizuri kwenda ukiyajua yote. Amezikwa Ohlsdorf, eneo la makaburi la karibu hekta 390. Panda treni ya S1 au U1 hadi stesheni ya Ohlsdorf, omba ramani kwenye ofisi ya lango kuu na uulize kaburi la familia ya Ruete. Usijaribu kulitafuta kwa kubahatisha. Mabasi ya mji huzunguka ndani ya makaburi hayo, na tiketi yako ya siku inatosha.